Literemshe Bango Kwanza: Mwongozo kwa Anayetaka Kufungua Chuo cha Wasaidizi wa Meno Karibu na Ngome ya Yesu

Umeshaamua. Umeziona kliniki za meno zikiongezeka Mombasa, umewaona vijana waliomaliza kidato cha nne wakishinda barazani Kibokoni, na hesabu imekukubali: vijana wanataka kazi, madaktari wa meno wanataka mtu wa kuwasaidia, nawe una ghorofa tupu Mji wa Kale, hatua chache kutoka Ngome ya Yesu. Utafungua chuo cha wasaidizi wa daktari wa meno. Bango limeshachorwa, lina jino jeupe lenye macho na tabasamu, na chini yake namba ya simu ya kulipia karo.

Literemshe, ndugu yangu. Mwongozo huu utakufikisha unakotaka, lakini una njia yake, na njia hiyo haipitii kwa mchora mabango.

Kaa kitako ujibu swali hili: mwanafunzi wako akimaliza, atakuwa nani? Katika afya ya kinywa nchini Kenya watu hawasimami safu moja. Yuko daktari wa meno, aliyesoma chuo kikuu miaka mingi. Yuko afisa wa afya ya kinywa ya jamii, anayesomea diploma KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya utabibu kilichoanza mwaka 1927. Yuko fundi wa maabara anayetengeneza meno ya bandia. Na yuko msaidizi, anayekaa upande wa pili wa kiti, mkono wake ukiwa tayari kabla daktari hajasema. Madaktari na maafisa wa afya ya kinywa ya jamii wako chini ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, kwa sheria ya Sura ya 253 ya Sheria za Kenya. Ukiandika kwenye tangazo "Diploma ya Meno" na kuwafunika wote kwa jina moja, kijana atadhani anakwenda kuwa mtu fulani, na atakapomaliza atagundua hayumo katika orodha yoyote. Chagua mmoja. Mwongozo huu ni wa msaidizi.

Wenye haraka husema msaidizi ni mtu wa kushika taa na kumfuta mgonjwa mate, kwa hiyo miezi miwili inamtosha. Basi njoo tumtazame kazini.

Daktari anachunguza kinywa na kutaja namba, msaidizi anaandika. Kinywa kimegawanywa robo nne: juu kulia ni 1, juu kushoto 2, chini kushoto 3, chini kulia 4, kisha meno ya kila robo huhesabiwa kutoka katikati kwenda nyuma. Jino 36 ni gego la kwanza la chini upande wa kushoto. Jino 46 ni mwenzake wa kulia. Msaidizi akisikia thelathini na sita akaandika arobaini na sita, mgonjwa anaweza kung'olewa jino zima na kurudi nyumbani na bovu lake. Jino la ukubwani halioti tena. Mtoto naye ana hesabu yake, meno 20 ya utotoni, yenye namba zinazoanzia 51 hadi 85. Haya hayafundishwi kwa bango la ukutani peke yake; hufundishwa kwa kurudiarudia hadi mkono usikosee hata mwisho wa siku, wagonjwa wakiwa wengi na daktari amechoka.

Kisha kuna vyombo. Koleo, vioo na sindano za kupimia matundu vikitoka kinywani vina damu na mate. Husuguliwa, huoshwa, hukaushwa, hufungwa kila kimoja katika mfuko wake, ndipo huingia ndani ya otoklevu, mashine inayosafisha kwa mvuke wenye mgandamizo, kwa nyuzi 121 na muda usiopungua dakika 15, au nyuzi 134 kwa muda mfupi zaidi. Sufuria ya maji yanayochemka hufika nyuzi 100 ikaishia hapo, na viko vijidudu vinavyostahimili joto hilo. Msaidizi ndiye anayefunga mlango wa mashine hiyo. Ndiye anayesoma kama kipimo kimefika. Daktari huchukua chombo akiamini, mgonjwa hufungua kinywa akiamini, na imani ya wote wawili imebebwa na kijana uliyemfundisha wewe.

Huyu kijana pia lazima alindwe. Homa ya ini ya aina B hupita kwa damu, na kuchomwa na sindano iliyotumika ni ajali ya kawaida ya kazi hii. Chanjo yake kwa mtu mzima hutolewa mara tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, na ya tatu ikifika miezi sita. Kwa hiyo chuo kinachoahidi cheti kwa wiki sita kimejisema chenyewe. Hata mwili wa mwanafunzi haujawa tayari, sembuse akili yake.

Ongeza na kinywa cha Mombasa chenyewe. Mwanafunzi wako atakutana na mzee anayesafisha meno kwa mswaki wa mti kila swala na fizi zake ni imara, asimdharau. Atakutana na watoto wenye ndimi nyekundu kwa mabuyu, na watu wazima wa kahawa chungu na halwa, wa muguka, wa tambuu. Popoo iliyomo katika tambuu imewekwa na shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa katika kundi la vitu vinavyojulikana kwa hakika kusababisha saratani kwa binadamu. Msaidizi hatibu na hatoi jina la ugonjwa. Lakini macho yake yako karibu na kinywa hicho kuliko macho ya mtu mwingine isipokuwa daktari, na akiona doa jeupe au kidonda kisichopona, ajue kumwambia daktari kabla mzee hajashuka kwenye kiti. Na ajue kusema na mzee huyo kwa adabu, kwa Kiswahili anachokielewa, bila kumwaibisha kwa wekundu wa midomo yake.

Ukishaelewa kwamba kazi ndiyo hii, ofisi zilizobaki hazitakuudhi tena. Kila moja inauliza kipande cha swali lilelile: mgonjwa atakuwa salama?

Nenda TVETA, mamlaka inayosimamia vyuo vya ufundi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013. Hapa ndipo wengi hujikwaa, maana hudhani idhini ni karatasi moja. Kuna idhini ya chuo, kuna idhini ya kozi, na kuna leseni ya mwalimu. Chuo kilichosajiliwa kufundisha ushonaji na kompyuta hakijapata ruhusa ya kufundisha jambo lolote linalohusu meno kwa sababu tu kina cheti kilichowekwa kwenye fremu. Watakuuliza mtaala, vifaa, walimu, jengo, taarifa ya afisa wa afya ya umma. Mtaala usiukate huku na kuubandika kule, wakaguzi husoma. Na ngazi ya cheti utakachotoa lazima iingie katika mfumo wa kitaifa wa sifa za elimu, uliowekwa na sheria ya 2014, la sivyo kijana akitaka kuendelea na masomo ataambiwa aanze upya.

Mwalimu wako daktari awe na leseni ya Baraza ya mwaka huu. Leseni hiyo hulipiwa upya kila mwaka, na ya mwaka juzi haifundishi mtu. Kliniki ambako wanafunzi watakwenda kwa mazoezi nayo iwe na leseni ya Baraza hilohilo. Andikiana mkataba na hospitali mapema. Usitangaze "mazoezi katika hospitali kubwa" wakati hospitali kubwa haijui kuwa upo. Coast General ni hospitali ya rufaa na ya kufundishia, ina wanafunzi wake wa kutosha, na nafasi pale huombwa kwa barua na kusubiriwa kwa subira.

Ukitaka kuwaonyesha wanafunzi mashine ya eksirei, kuna mamlaka ya udhibiti wa nyuklia, iliyowekwa na sheria ya 2019. Ndiyo, nyuklia, hata kwa picha ndogo ya gego moja. Mionzi haionekani na haina harufu, na msaidizi anayesimama mahali pabaya kila siku kwa miaka ndiye atakayeilipa.

Taka nazo zina rangi zake: mfuko mweusi kwa taka za kawaida, wa manjano kwa zenye maambukizi, mwekundu kwa zile hatari zaidi, na sindano katika kisanduku chake kigumu. Glavu yenye damu ikionekana kwenye mfereji wa Mji wa Kale, majirani watajua imetoka wapi kabla jua halijazama, na watakuwa na haki ya kukushtaki.

Sasa jengo, na hapa Mji wa Kale una jambo lake. Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano aliyewachorea Wareno ngome iliyojengwa kati ya 1593 na 1596, alifuata uwiano wa mwili wa binadamu, na UNESCO ilipoitia Ngome katika Urithi wa Dunia mwaka 2011 ilizingatia jambo hilo. Wewe nawe anza na mwili. Mlaze mgonjwa. Mweke daktari upande wake, msaidizi upande wa pili, trei ya vyombo, mwalimu anayetazama, na wanafunzi watatu nyuma yake. Pima. Nyumba za kale hapa zina kuta nene za matumbawe na dari za boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba. Vyumba vimetoka virefu na vyembamba, mara nyingi chini ya mita tatu. Kiti cha meno kitaingia. Watu ndio watakaokosa pa kusimama.

Utataka kubomoa ukuta. Usiuguse. Mji wa Kale ni eneo lililohifadhiwa, na iko ofisi ya uhifadhi chini ya Makumbusho ya Kitaifa inayopitia mabadiliko ya majengo hata ya mlango na roshani. Ofisi hiyo ni rafiki yako, kwa sababu mtaa ukiharibika hutakuwa na sababu ya kujivunia anwani yako. Fikiria pia vichochoro. Gari la zimamoto haliwezi kufika kwenye nyumba nyingi za Kibokoni, kwa hiyo njia ya pili ya kutokea si pambo la karatasi.

Halafu maji. Wenyeji wa kisiwa hawahitaji kusimuliwa habari za mifereji mikavu. Maji ya bomba hutoka mbali, Mzima, Marere, Baricho na Tiwi, na visima vingi vya kisiwani ni vya chumvi. Chumvi huacha ukoko ndani ya otoklevu hadi ikafa. Weka matangi, nunua maji yaliyokenekwa kwa ajili ya mashine, na weka jenereta, maana umeme ukikatika katikati ya kusafisha vyombo, vyombo hivyo si safi, na lazima vianze tena mwanzo.

Kwa maoni yangu basi, ofisi yako iwe Mji wa Kale ukipenda, na chumba cha mazoezi ukitafutie Tudor au Tononoka kwenye jengo lenye nafasi. Ni gharama, najua. Chumba kibaya kitakugharimu zaidi.

Siku ya ukaguzi itakapokaribia, kuna mambo mawili yatakayokujia usiku. La kwanza ni kuazima kiti cha meno kwa rafiki, kikae siku moja kisha kirudi. Usifanye. Wakaguzi hurudi, na wanafunzi wana midomo. La pili ni kumtafuta mtu wa kulisukuma faili. Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 humshika anayetoa na anayepokea, na chuo kilichoanza kwa bahasha hakina uso wa kumfundisha kijana kuandika ukweli katika faili la mgonjwa.

Ukiona hapa kuna ukali wa kupita kiasi, tazama wengine. Tanzania, vyuo vinavyofundisha matabibu wa meno husajiliwa na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi la nchi hiyo. Jimbo la California, Marekani, humtaka hata msaidizi asiye na leseni asome kozi ya saa 8 ya kuzuia maambukizi, na kozi yenyewe lazima iwe imeidhinishwa na Bodi ya Meno ya jimbo. Saa 8 za kunawa mikono na kusafisha vyombo tu, na bado serikali inataka kujua anayezifundisha ni nani.

Nawe mzazi unayeusoma mwongozo huu kwa sababu mwanao ameletewa fomu: karo hiyo umeitoa kwenye mahamri, kwenye chama cha akina mama, au kwa ndugu aliye Ghuba. Kabla hujaituma, nenda chuoni kwa miguu yako. Omba kuona idhini ya kozi, si ya chuo peke yake. Uliza jina la daktari anayefundisha, kisha ulitafute katika orodha ya Baraza, ambayo iko wazi kwa kila mwananchi; na jina la chuo ulitafute katika orodha ya TVETA. Omba uonyeshwe otoklevu ikifanya kazi. Wakikukasirikia kwa kuuliza, mchukue mwanao na pesa zako, mwende kwingine.