Selotepu Mbele ya Mkwe

Jumamosi iliyopita, baada ya ibada ya Sabato, mama mkwe wangu akiwa ameketi katika kiti kikubwa cha sebule yetu hapa Rongo, akina mama wa kanisa lake waliomsindikiza wamejipanga kuumeni na kushotoni kwake, na kuku aliyepikwa tangu Ijumaa ili siku takatifu isiingiwe na kazi ya jiko amekwisha kuletwa mezani, kitinda mimba wetu, mtoto wa miaka sita aliyeruzukiwa sauti ya mwadhini, alinivua mbele ya halaiki ile heshima yote niliyoivaa tangu siku ya kupeleka mahari, na hata sasa ninapoandika masikio yangu hayajapoa.

Asili ya mambo ni kalenda. Wageni walituletea hidaya ya kalenda ya kanisa, na kwa kuwa ukuta wetu ni wa saruji ngumu inayopinda misumari, mama mkwe aliuliza, pasipo kunielekea mimi, maana katika nchi ya Waluo maneno baina ya mama mkwe na mume wa bintiye aghalabu hupitia kwa mtu wa tatu, kama nyumba hii haina selotepu. Mtoto alitoka mbio, akaingia chumbani, akarudi nayo, akaitoa kwa mikono miwili kwa adabu aliyofunzwa. Mama mkwe akavuta, akakata kipande kwa meno, akavuta tena, akakata cha pili kwa meno, na kipande cha tatu kilikuwa kingali kinaning'inia mdomoni pake wakati mtoto, kwa fahari ya mwenye mali, alipomwarifu nyanya yake: "Dani, hiyo ndiyo Baba hunibandika matakoni asubuhi."

Msomaji asiyezijua ada za huku na apime mwenyewe. Mama mkwe simpi mkono. Halali chini ya paa langu, hata mvua ikinyesha ya gharika. Nikimwona kwa mbali akitoka sokoni, mimi ndiye nipishaye njia. Katika ndoa yangu yote sijapata kutaja mbele yake kiungo chochote kilicho chini ya shingo, na siku goti langu lilipoteguka akatuma kuniuliza hali, nilimjibu kwamba naumwa "upande wa chini, kwa jumla". Sasa, kwa sentensi moja, mtoto alikuwa ameyaleta matako sebuleni na kuyakutanisha na meno ya mama mkwe.

Mmoja wa akina mama, ambaye nadhani Mola alimpa kila kipaji isipokuwa kile cha kunyamaza, akauliza: "Hukubandika ya nini, mtoto wangu?"

"Ya kutafuta minyoo," akajibu. "Hutoka usiku kutaga mayai. Baba alinionyesha."

Ni kweli nilimwonyesha, na sioni haya kusema kwamba laiti mnyoo huyu angalikuwa na makazi ya heshima kidogo, washairi wangalimtungia utenzi. Jike lake ni uzi mweupe wa milimita 8 hata 13. Dume ni mfupi zaidi, wala hana makuu. Kikao chao ni mwanzo wa utumbo mpana, jirani na kidole tumbo, ambako hula na kunenepa katika amani isiyojulikana na sisi tunaowalisha. Lakini siku za uzazi zikiwadia, na mwenye mwili amelala fofofo, jike mwenye mayai hufunga safari ya utumbo mpana wote, peke yake, gizani, bila ya dira, akatokea mlangoni, akayaweka mayai yake juu ya ngozi, nayo huweza kufika 10,000 na kuzidi, kisha akafa, maana hana haja tena ya dunia. Mayai hayo ameyapaka utelezi unaowasha, wala kuwasha huko si ajali. Ndiko kunakoyapa mayai chombo cha kusafiria. Mtoto hujikuna usingizini, mayai yakajificha chini ya kucha, na kwa sababu yahitaji saa chache tu, nne hata sita, kuwa tayari kuanza maisha, basi kabla hajaamka vizuri kidole kimekwisha fika kinywani na dhuria mpya imeingia mjini kwa lango la mbele. Mengine hubaki katika shuka, ambamo huweza kudumu hai hata wiki 2 au 3. Na mzazi mwenye hasira akiikung'uta shuka hiyo dirishani, mayai hupaa pamoja na vumbi, akayavuta na kuyameza yeye mwenyewe, yule yule anayedhani anafanya usafi.

Fauka ya hayo, mnyoo huyu ana hila ya kukwepa daftari. Choo cha mtoto kikipelekwa maabara mara nyingi hakionekani kitu, kwa kuwa mama huyu hatagi ndani bali nje. Hivyo wapimao minyoo kwa kuchunguza choo, na ndivyo wengi wapimavyo, humpita wakaandika kuwa nyumba ni salama. Ilikuwa mwaka 1941 ndipo mtafiti aitwaye Graham alipotangaza maarifa ya utepe wenye gundi: alfajiri, mtoto hajaoga wala hajaenda msalani, kipande hubandikwa pale penyewe, kikabanduliwa, kikalazwa juu ya kioo cha hadubini, na jambo hilo hurudiwa asubuhi 3 mfululizo ili mwenye kujificha siku ya kwanza aaibike ya pili. Asiye na hadubini huweza kwenda na tochi saa mbili tatu baada ya mtoto kulala, akamkuta msafiri yu njiani. Katika karne ya 19, mtaalamu wa Kijerumani, Leuckart, aliyameza mayai hayo kwa hiari yake, yeye na baadhi ya wanafunzi wake, ili wajue yanakopita. Nami kila niwakumbukapo wanafunzi wale hushukuru kwamba mimi nilisomea kwingine. Na huko Utah, Marekani, katika kinyesi kikavu cha watu wa kale chenye umri wa miaka takriban 10,000, yaligunduliwa mayai yake, ushahidi wa waliomtangulia mwanangu kujikuna. Ni mnyoo wa ukoo mkongwe. Sisi ndio wageni.

Hayo yote sikuyasema sebuleni. Sebuleni palikuwa na kimya ambacho kuku alizidi kupoa ndani yake. Mama mkwe alikitoa kile kipande cha tatu mdomoni, akakitazama pande zote mbili, akakibandika kwenye pembe ya kalenda, akakikandamiza kwa kidole gumba, akaketi. Halafu akanywa chai, kikombe kizima.

Ndipo baraza lilipoanza. Mmoja akasema ni sukari, na maadamu tumezungukwa na miwa kutoka hapa hata Awendo, na sukari guru yachemshwa kila upande, niliona kwamba tiba ya mama huyo ingalikuwa kuihamisha familia yangu nje ya kaunti. Mwingine akalaumu odowa, udongo ule wa kutafuna, ilhali kipande cha odowa hiyo hiyo kilikuwa shavuni mwake. Wa tatu hakusema neno, lakini alinyanyuka katika kochi, akakagua alipokuwa amekalia, akahamia kiti cha mbao.

Mama mkwe aliwaacha wote wakamaliza. Kisha akamwambia binti yake, yaani akaniambia mimi: "Minyoo ni wa mtu. Nani alizaliwa akaishi bila wao? Ndio wanaosaga chakula. Mkiwamaliza wote, tumbo litafanya kazi na nani?"

Nilidhani ananistiri kwa mzaha. Baadaye nikafahamu kuwa mtaalamu mmoja, Wenzel Geissler, aliyefanya utafiti miongoni mwa Waluo wa magharibi mwa Kenya, alichapisha mwaka 1998 maelezo ya fikra hiyo hiyo: kwamba minyoo ni sehemu ya mwili, huhitajiwa katika kumeng'enya chakula, na huwa maradhi wakati wanapozidi au wanapochafuka roho tu. Yeye na wenzake ndio vile vile waliowapima watoto wa shule wanaokula udongo katika pande hizi, wakakuta kiasi cha gramu 28 kwa siku. Kwa hiyo katika sebule ile mama mkwe alikuwa na falsafa kamili, yenye wazee wake na hoja zake, na mimi nilikuwa na tochi.

Sasa fedheha ingaliweza kuishia hapo kama si sharti la dawa. Mnyoo huyu hatibiwi kwa mtoto mmoja. Kila alalaye nyumbani hana budi kumeza siku ile ile, awe anajikuna au hajikuni, la sivyo atokaye kwa huyu huhamia kwa yule. Dawa yenyewe, albendazoli ya miligramu 400, ni kidonge kimoja kisicho na makeke, na namna inavyoua inapendeza kwa mwenye kisasi: humzuia mnyoo kuivuta sukari, akafa kwa njaa katikati ya karamu. Lakini haitegemewi kuyamaliza mayai, kwa hiyo hurudiwa baada ya wiki 2. Na mke wangu, aliyekuwa amekaa kimya mpaka wakati huo, akakumbuka kwa sauti kwamba watoto walikuwa kwa Dani likizo nzima ya Aprili, wamelala naye kitanda kimoja.

Hapo pana swali ambalo wazee wa pande zote mbili, wa kwetu na wa kwao, hawakuliachia jibu: mkwe humpaje mama mkwe kidonge cha minyoo? Nikimpa kwa mkono wangu, nimevunja ada. Nikimpa kwa kinywa cha mke wangu, nimesema kuwa mamake analea minyoo. Nisipompa, mwezi wa Agosti watoto watarudi na hidaya. Nilikuwa ningali katika fikra hizo, nikipima lipi litaleta chira, ile laana ya kuvunja mwiko, iliyo ndogo zaidi, nilipomwona kitinda mimba akipita katikati ya sebule na kidonge juu ya kisosi, akipiga goti: "Dani, hiki ni cha minyoo wako."

Mama mkwe alikipokea. Akakifunga katika pembe ya leso yake, mafundo mawili, akamshukuru mjukuu kwa jina. Ikiwa alikimeza, au angali amekifunga hata leo, hilo ni jambo ambalo siwezi kuuliza mpaka kufa kwangu.

Ya kemisti, nilikonunua vidonge hivyo, nayafupisha. Dukani karibu na steji, siku ya soko, niliinama kidirishani nikanong'ona hesabu ya watu wangu, na kijana wa dawa, ambaye hana kosa ila kuzaliwa na mapafu mazuri, akaniita nilipokwisha fika barabarani: "Mzee wa minyoo! Umeacha chenji!" Waendesha bodaboda wameshika jina.

Lakini liko jambo moja ambalo sicheki nalo. Kabla ya yote hayo shule ilitutumia barua, nayo haikuandikwa kwa mzazi, bali kwa "mama wa mtoto", kwamba mwanawe anajikuna darasani na kwamba azingatie usafi wa nyumbani. Mke wangu aliisoma mara nyingi, na kila mara alichota maji mengine. Nilikwenda kuitazama shule hiyo. Nje ya choo pana mtungi wa kunawia uliofungwa kwa kamba, na kijiti chake cha kukanyagia, umetobolewa vizuri kabisa na haukuwa na tone la maji. Sabuni hapana hata harufu yake. Na mlango wa choo cha wasichana ni gunia. Watoto hutoka humo, wakaenda kugawana muwa mmoja. Elimu ya msingi ilitangazwa kuwa ya bure tangu mwaka 2003, hata hivyo kila muhula hulipwa ada ya usafi, nasi twalipa. Serikali, tangu mwaka 2009, imegawa dawa za minyoo shuleni kwa mamilioni ya watoto, jambo jema lenye kustahili sifa, ila mpango huo uliwekwa kwa ajili ya minyoo wanaoandikika katika daftari, safura na wenziwe, pamoja na kichocho. Huyu wetu mwembamba hupata kidonge kwa nasibu tu, hapati cha pili baada ya wiki 2, na mdogo wake aliye nyumbani na mama yake hawapati kitu. Kisha akirudi, huandikiwa mama. Hapana barua iliyopata kuandikwa kwa mtungi.

Mengine yaliyotupata muhula huu ni madogo. Choa kilimshika wa pili kichwani, kikatoka kwa dawa ya kumeza. Funza, aliyevuka bahari kutoka Brazil hata Angola mwaka 1872 ndani ya shehena ya mchanga wa meli na kisha akaikata Afrika nzima kwa miguu ya watu wengine, alifika kwetu katika kidole kimoja, akatolewa jioni ile ile.

Juzi imekuja barua ya chawa, vile vile kwa "mama wa mtoto". Chawa haruki wala hapai, hutambaa tu kutoka kichwa hata kichwa, na vichwa vya watoto wangu vimenyolewa na kinyozi wa steji mpaka vinameremeta, hata sijui huyo chawa anaambiwa ashike nini. Safari hii nilijibu mimi, kwa wino, kurasa mbili, nikauliza kwa taadhima zote maji ya mtungi yatajazwa lini. Nimeletewa risiti ya ada ya usafi, imegongwa muhuri.