Namna ya Kumiliki Mtini Bila Kuonja Tini

Wapo watu wanaopanda mtini ili wale tini. Hao hatuna la kuwaambia, waendelee. Mwongozo huu ni wa wale wa Dar es Salaam wanaoutaka mti kwa ajili ya heshima: umetajwa katika Biblia, una sura yake katika Kurani, ya 95, na mgeni akiukuta barazani lazima aulize ni mti gani.

Anza na mbegu. Nunua pakiti ya tini kavu za Uturuki, zipasue, kamua mbegu, zimwage kwenye kopo lenye udongo. Zitaota vizuri tu. Karibu nusu ya miche itakuwa ya kiume, ambayo matunda yake si ya kuliwa. Ile ya kike, kwa kuwa imetoka katika ukoo wa Uturuki, huenda ikadai kuchavushwa na nyigu maalumu, kadudu kadogo kuliko mbu. Mikuyu yetu inao nyigu wake, ila hao hawana habari na mti wa kigeni. Wakulima wa California walipanda aina hiyo miaka ya 1880, wakasubiri weee, matunda yakipukutika mabichi, mpaka nyigu huyo alipopelekwa na kuzoea huko mwaka 1899. Kama una subira ya kuwashinda, mbegu ndiyo njia yako.

Wenye haraka hutafuta mtu ambaye mtini wake unazaa tayari bila kumngoja nyigu yeyote, wakaomba kijiti cha unene wa penseli, wakakifukia theluthi mbili kwenye udongo unaopitisha maji, kivulini, wakaenda zao. Wakishakwenda zao ndipo kijiti kinaposhika, kwa hiyo wewe usiende popote. Mtini ukipandwa hivyo huweza kutoa majani kabla ya mizizi. Ukiona jani la kwanza, furahi, kisha kichomoe uhakikishe kama kuna mzizi. Kirudishe. Kesho kichomoe tena.

Ukiamua kununua mche kando ya barabara, usishike jani. Jani la mtini kwa kawaida limegawanyika vidole vitatu hadi vitano, na ukilipapasa linakwaruza. La mkuyu halina vidole. Ukiyajua hayo unaweza kujikuta umenunua mtini wa kweli. Muuza miche akisema, "Huu ndio wenyewe, bosi, miezi sita tu unakula," wewe lipa. Mkuyu ukishafika juu ya bati la jirani mtakuwa na mengi ya kuzungumza.

Sasa chungu. Chagua kizuri cha kung'aa, kisicho na tundu chini, maana tundu huchafua vigae. Kiweke sebuleni pembeni ya televisheni. Huo uvumi kwamba mtini unataka jua la saa sita au zaidi kwa siku waachie wenye uwanja. Mwagilia asubuhi, mchana na jioni. Mizizi ikianza kuoza, majani yatageuka njano na kudondoka moja moja. Hiyo ni kiu. Ongeza maji.

Katika hatua hii hutokea shangazi kutoka Dodoma, mtu aliyezoea zabibu na ardhi kavu. Atachovya kidole kwenye udongo, akunje uso, aulize, "Mwanangu, kwani umepanda mpunga?" Atakushauri usubiri udongo wa juu ukauke ndipo umwagilie, na mti uutoe nje. Mkaribishe chai, mwulize habari za mvua huko.

Mbolea je? Katika Injili ya Luka yupo mtunza shamba aliyeuombea mtini mwaka mmoja zaidi, aupalilie na kuutilia samadi. Mwaka mzima! Wewe una urea, na urea haiombi muda. Imwage kwa kiganja, rudia kila wiki. Kama haikuunguza mizizi, utapata majani mapana ya kufungia mkate, na tunda hata moja hulioni, jambo ambalo ndilo tulilokuwa tukilitafuta.

Mti ukikaidi ukachipua, pogoa. Tini nyingi huota kwenye kwapa za majani ya machipukizi mapya, basi hayo machipukizi ndiyo ya kukata, yote, kila yanapotokea. Fanya hivyo saa saba mchana bila glavu. Utomvu mweupe ukigusa ngozi kisha jua likaipiga, malengelenge yatakuthibitishia kwamba wewe ni mkulima.

Mara chache, licha ya jitihada zote hizi, tunda hutokea. Usitaharuki. Lichume likiwa bado gumu, limesimama wima na linatoa maziwa kwenye kikonyo; tini haiivi kabatini, hata uifungie pamoja na ndizi. Lakini ukichelewa, likalainika na kuinamisha shingo, hapo limeiva kweli na hali ni ya hatari. Bado una msaada mmoja: kunguru, uzao wa wale wa India waliopelekwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, ambao leo hawana mpinzani mjini. Usifunike mti kwa wavu. Mwambie kila mtu kwamba tunda utalichuma kesho, kisha tega simu ikuamshe saa tatu. Kunguru huanza kazi alfajiri.