Yah: Ombi la Kutambuliwa kama Swala Pala

Kwa Waheshimiwa Wenye Dirisha la Udahili,
Popote dirisha hilo lilipo.

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza nawapongeza kwa kufungua tena dirisha. Huku Ruhembe tunajua limekaribia kwa dalili mbili: moshi wa mashamba ya miwa yanayochomwa tayari kwa wakataji, na matabibu wa zahanati kuanza kuombana bando. Kiwanda cha sukari nacho hufunga masika, kikafungua mvua zikikatika, na tunakilaumu kwa mengi, hasa vipimo vya utamu. Ila sijasikia hata siku moja kiwanda kikimwambia mkulima aliyefikisha tela la miwa getini arudi shambani akalete kipande cha mbegu aliyopanda.

Nyinyi mnaitaka mbegu.

Mimi ni tabibu mwenye stashahada. Nilisoma miaka mitatu, nikavuka ngazi ya nne, ya tano na ya sita, nikakesha wodini kwa mafunzo, nikasajiliwa, na GPA yangu inazidi ile 3.0 iliyoandikwa kwenye mwongozo. Naomba kusoma udaktari. Chuo cha matabibu kilinipokea kwa Baiolojia, Kemia na Fizikia. Hisabati kiliiita sifa ya ziada, ukiwa nayo vizuri, usipokuwa nayo karibu darasani. Kwa baadhi ya vyuo vya udaktari hiyo sifa ya ziada imegeuka geti. Kwa hiyo kila mwaka nikijaza maombi, mfumo hauangalii wodi wala usajili. Unashuka moja kwa moja hadi kidato cha nne, unasimama kwenye Hisabati, unatikisa kichwa, na mazungumzo yetu yanaishia hapo kwa heshima zote.

Naomba niwasimulie hesabu za usiku wa kawaida. Analetwa mtoto wa kilo 12, amelegea, hajibu akiitwa, na kipimo cha haraka kinaonyesha malaria. Aliye chini ya kilo 20 anastahili miligramu 3 za artesuneti kwa kila kilo. Hiyo ni 36. Kichupa kina miligramu 60, na nikikichanganya kwa ajili ya sindano ya msuli kinatimia mililita 3, kwa hiyo navuta 1.8. Navuta huku mama anatazama vidole vyangu na bodaboda inanguruma nje ikisubiri karatasi ya rufaa ya kwenda Mikumi. Hapo hakuna msahihishaji wa kunipa alama za njia nikikosea jibu. Kukicha, kwa mujibu wa mfumo wenu, mimi ni mtu ambaye haijathibitika kwamba anajua kuzidisha.

Tena hicho cheti mnachokiamini kuliko mikono yangu kina historia yake. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotoka, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Serikali ikaunda tume, na mwaka 2013 ikayafuta na kuyapanga upya. Matokeo ya 2014 yalitangazwa kwa GPA, na ya mwaka uliofuata yakarudi kwenye divisheni. Kwa upande wa stashahada, kiwango cha GPA cha kuingilia shahada kilipandishwa hadi 3.5 mwaka 2016 na kikashushwa hadi 3.0 mwaka 2017. Rula ilipinda mara zote hizo, na kila ilipopinda, aliyeambiwa asimame wima ni yule anayepimwa. Sisi wa shule za kata tulikuwa na mwalimu mmoja wa Hisabati, au tulikuwa tunamsubiri.

Sasa niingie kwenye ombi lenyewe. Kwa unyenyekevu mkubwa, naomba nitambuliwe rasmi kuwa swala pala wa Hifadhi ya Taifa ya Mikumi.

Sikulikurupukia. Nimelitafakari nikiwa kwenye basi la kwenda Morogoro kutafuta mihuri. Kama mjuavyo, barabara kuu ya kwenda Zambia inakatiza katikati ya hifadhi kwa takriban kilomita 50. Swala yuko upande huu wa lami, majani anayoyapenda yako upande wa pili. Anavuka. Hajazi fomu, halipii ada ya maombi isiyorudishwa, hana AVN, ile namba ya kuhakiki stashahada, na atakayethubutu kumwomba AVN atapelekwa yeye kwa tabibu. Mabasi ambayo kwingine kote hayamwonei huruma hata mwenye mtoto mgongoni yakifika hapo yanatulia. Kuna matuta. Kuna vibao vya wanyama. Na ikitokea akagongwa pamoja na matunzo yote hayo, kuna bango la faini lenye orodha, kila mnyama na bei yake, tena kwa dola. Yaani wakubwa wa nchi hii waliwahi kukaa mezani wakajiuliza swala aliyekatizwa safari ana thamani gani, wakakubaliana, wakaandika, wakalisimamisha bango barabarani ili kila dereva asome kabla hajakosa.

Mimi nikigongwa katikati ya kuvuka, hakuna anayepunguza mwendo. Ujumbe unaingia kwenye simu: huna sifa. Na aliyelipa ni mimi niliyegongwa.

Nikishapata uswala wangu sitakuwa msumbufu. Nitahitaji kibao kimoja tu kabla ya geti la kila chuo cha udaktari: mtu wa koti jeupe yuko hewani, miguu imekunjwa, begi la vyeti linapepea mgongoni, na chini yake yameandikwa maneno “Matabibu wanavuka, punguza mwendo.” Matuta yawekwe ndani ya mfumo wenyewe, matatu matatu, ili ofisa anayekwenda kubonyeza “kataa” atikisike kidogo na kumwaga chai. Bango la faini lipangwe kwa ngazi. Kumkatiza mwenye stashahada aliyemaliza juzi, bei ya swala. Kumkatiza mwenye stashahada aliyekaa miaka mitano kwenye zahanati ya kijijini akishona majeraha ya mapanga ya wakata miwa, bei ya twiga. Na yule ambaye chuo chake kilichelewa kupandisha matokeo, akakosa AVN, akashinda anaitafuta mpaka dirisha likafungwa usoni mwake, huyo ni tembo, na pembe zake zikadiriwe kando.

Masharti ya hifadhi nayakubali yote. Sitatupa chupa barabarani. Sensa ya wanyamapori ikipita nitasimama nihesabiwe, nifurahi walau kuna daftari la Serikali lililonipokea bila kuuliza ya kidato cha nne. Watalii wakitaka kunipiga picha nikijaza fomu ya mkopo, ruksa, mapato yaende hifadhini. Najua pia kwamba kuna simba. Simba simwogopi sana. Yeye akikukataa anamaliza siku hiyo hiyo, hana awamu ya pili wala ya tatu.

Mengine ni madogo. AVN itolewe mkononi pamoja na cheti, siku ya mahafali, kabla ya pilau. Wakili anayegonga muhuri kwenye nakala ya cheti ambacho Baraza la Mitihani linacho tangu siku lilipokitoa alipwe na anayemhitaji. Simu ya huduma kwa wateja ipokelewe na binadamu, hata mwenye hasira. Bodi ya Mikopo nayo, inayotaka mwombaji awe amehitimu ndani ya miaka mitano, itueleze sisi tuliofanya kazi miaka sita tukitafuta ada tulikuwa tunajizeesha kwa faida ya nani.

Zamani palikuwa na njia. Tabibu akishafanya kazi alirudi chuoni miaka miwili, akatoka daktari msaidizi, akaenda kuwapasua wajawazito kwenye hospitali za wilaya ambako mwenye shahada hakupenda kuripoti. Wengine walifundishwa hapo Ifakara, kwenye barabara hii hii inayotoka Mikumi ikapitia Kidatu. Njia ile ikafungwa, tukaambiwa zama zimebadilika, atakaye kupanda apande kwa shahada. Sawa. Hata Ifakara udaktari wa shahada unafundishwa tangu miaka ya 2010, kwa hiyo hatukosi pa kuupeleka uchu wetu. Na anayebahatika kuingia chuoni, popote, anaanza mwaka wa kwanza pamoja na waliotoka kidato cha sita, miaka mitano na mwingine mmoja wa mafunzo kazini, akitajiwa mfupa wa paja kama kitu kigeni. Hilo hatulilalamikii hata kidogo. Tungeanza hata chekechea.

Ninachoshindwa kukimeza ni hiki. Usiku naandika rufaa kwa mkono wangu: mjamzito, kifafa cha mimba, nimempa dawa hii saa hii. Karatasi ile inakwenda hospitali kubwa, inapokewa na daktari, anaisoma, anaiamini, anaendelea pale nilipoishia. Hakuna aliyewahi kuirudisha akiuliza mwandishi alipata nini kwenye Hisabati. Karatasi yangu ya rufaa inaingia. Karatasi yangu ya maombi haiingii. Mkono ni ule ule.

Kama hamtutaki, semeni. Semeni kwamba tabibu anafaa abaki zahanati hadi astaafu, maana mkimpandisha hamna wa kumleta Ruhembe. Daktari mliyemsomesha akipangiwa huku anaomba uhamisho kabla hajafungua begi. Semeni nafasi ni chache na zimeshapata wenyewe. Tutaumia, ila tutaelewa, na wengine tutarudi kulima miwa ambako angalau tutajua mzigo wetu umepimwaje. Lakini acheni kutudanganya kwamba kinachotuzuia ni logi na vekta. Mtu mnayemwachia watoto wa kata nzima usiku peke yake hamwezi kumwambia asubuhi kwamba mna wasiwasi na hesabu zake. Ama wasiwasi huo ni wa kweli, na mmetuachia watoto kwa makusudi, ama si wa kweli.

Samahani. Nimepandisha sauti mbele ya wakubwa, na karatasi za Serikali hazipendi makelele.

Nirudi kwenye ombi. Endapo nafasi za swala pala zitakuwa zimejaa, nitaridhika na pundamilia, na nikikosa kabisa nitaipokea nafasi ya ngiri kwa mikono miwili. Unyani msinipe, nasikia ushindani wa huko ni mkubwa na wengi wameingia bila vyeti. Niko tayari kwa usaili, mkitaka hata barabarani, muda wowote isipokuwa usiku, ambapo huwa niko zamu nikipiga hesabu.

Nawatakia udahili mwema.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Tabibu,
Ruhembe, Kilosa.

Nakala: Mhifadhi Mkuu, Hifadhi ya Taifa ya Mikumi (kwa maandalizi ya kibao).

Viambatisho: Hakuna. Vyote mnavyo.