Saiti Mira za Crown kwenye Mlango wa Corolla

Kioo cha pembeni cha kisasa kikiungwa ovyo kwenye gari la zamani, hujikunja kila dereva anapowasha indiketa. Ndivyo ilivyokuwa wiki hii jirani na stendi ya Bariadi, kwa Toyota Corolla 110 nyeupe iliyovishwa saiti mira za Crown Athlete jioni ya kuamkia siku hiyo. Dereva aliwasha indiketa ya kushoto ili alipishe lori la pamba. Taa ya kioo ikawaka, kioo nacho kikajivuta ndani kidogo. Ikazima, kikatulia. Ikawaka, kikajivuta tena. Lori lilipofika, kioo kilikuwa kimelala ubavuni mwa mlango, kikimwonyesha abiria sura yake mwenyewe. Kwa Wasukuma, anayeinama hivyo anaamkia, na vijana wa bodaboda hawakulikosea gari adabu: waliitikia kwa pamoja, "Mwangaluka!"

Chanzo chake ni rahisi, na kwa anayependa mitambo kinapendeza kuliko aibu yenyewe. Ndani ya shina la kioo kinachojikunja mna mota ndogo yenye waya mbili, ambazo michoro ya Toyota huziita MF na MR. Umeme ukiingilia moja na kutokea nyingine, gia huzungusha kioo kuelekea mlangoni. Ukigeuzwa, kioo hurudi nje. Kazi ya swichi ya kukunjia ni kugeuza huko tu. Kukunja kote huchukua kama sekunde tatu. Indiketa, kwa upande wake, hupiga kati ya mara 60 na 120 kwa dakika, na umeme wake huelekea upande mmoja siku zote. Kwa hiyo mota iliyoungwa na indiketa hupata umeme kwa vipande, na kila kipande huisogeza hatua moja kuelekea kukunjika. Ikifika mwisho, imefika. Hakuna kwenye indiketa kitu cha kuirudisha. Dereva anayetaka kuona nyuma lazima ashuke akakivute kioo kwa mkono, na akitaka kukata kona tena kushoto, anakipoteza tena.

Hilo hutokea kwa hesabu ya waya. Corolla ya aina hiyo ina waya tatu tu mlangoni, za kuelekeza kioo. Kioo cha Crown kikiletwa, hubaki waya nne zisizo na mwenyewe: mbili za taa, mbili za kukunja. Fundi akipitisha waya mmoja wa indiketa kwenye mpira wa mlango, akakuta ncha nyingi kuliko kazi, huunga mbili kwenye waya wa indiketa na mbili kwenye bodi, huzifunga kwa tepu nyeusi na kusema zote ni za taa.

Zile tatu za kuelekeza nazo zina werevu wake. Kioo hukaa juu ya gololi, nyuma yake mna mota mbili zinazosukuma skrubu: moja ya juu na chini, nyingine ya kushoto na kulia. Waya mmoja ni wa mota zote mbili, na pande nne hupatikana kwa kugeuza umeme. Fundi akiukosea huo wa pamoja, mota zote huzunguka kwa mpigo na kioo huenda mshazari. Dereva akibonyeza juu, kioo hukimbilia na pembeni.

Kujikunja kwa umeme kulianza Japani na Nissan Laurel ya 1984, mwaka mmoja baada ya nchi hiyo kuruhusu vioo vya mlangoni. Kabla ya ruhusa hiyo vioo vilisimama kwenye mabawa ya mbele. Sababu ya kujikunja ilikuwa maegesho finyu ya mijini. Bariadi haina shida hiyo. Panapoegeshwa Corolla, aghalabu pana nafasi ya kugeuzia tela.

Turudi kwa fundi: kumlaumu peke yake ni uonevu. Angekuwa na soketi, angalau angejua waya upi unakaa wapi. Vioo hivi vya mtumba hufika kwa basi vikiwa vimekatwa waya inchi chache kutoka kwenye shina, soketi ikiwa imebaki kusikojulikana. Anayevunja gari lake mwenyewe kwa ajili ya spea ana muda wa kufungua mlango na kuchomoa soketi. Anayekata kwa kisu ana haraka, na haraka hiyo si ya kibiashara. Dar es Salaam wenye magari huchonga namba za usajili kwenye vioo ili mwizi akose soko. Kioo cha kushoto cha Corolla hii kina kona iliyosuguliwa kwa msasa hadi ikawa na ukungu. Soko halikukosekana, lilisogezwa mbali tu. Na mwenye gari kuukuu, ambaye nchi ilishamtoza ushuru wa uchakavu bandarini, huuziwa mali ya mwenzake bila risiti, kisha huambiwa spea ya umeme ikishatoka hairudi.

Mengine ni madogo. Pembetatu ya mlango haikulingana na shina, ikatengenezewa bati na puti. Mwendo ukizidi kidogo njia ya Lamadi, bati hupiga mluzi.

Dawa ya kujikunja ni kukata MF na MR, kufunga kila ncha kivyake ili zisigusane, na kukunja kioo kwa mkono. Tundu la bati huzibwa kwa silikoni kabla ya masika, la sivyo maji hushuka ndani ya mlango hadi kwenye mota ya dirisha, ambayo nayo ina waya mbili.