Sifa za Mzee Aliyepitwa na Wakati

Wengine na wasifu simu zilizotoka jana. Mimi namsifu Debian Stable, toleo la Linux linalozaliwa likiwa na mvi. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Mzee huyu kinyemi hakitaki, na kidonda pia hakitaki.

Hutoka takriban kila baada ya miaka 2, na akishatoka, mlango umefungwa. Njoo na kitufe kipya, njoo na kasi maradufu: subiri toleo lijalo. Kinachoruhusiwa kupita ni kiraka cha usalama au cha hitilafu nzito, nacho hakipiti na mizigo. Kwa kawaida huchambuliwa ile mistari ya msimbo inayoponya tu, ikashonewa kwenye programu ileile ya zamani, kisha kila badiliko likaguliwe na wasimamizi wenye maswali kama ya mama mkwe.

Hata aliyeiandika programu hasikilizwi. Mwaka 2016 Jamie Zawinski, mwandishi wa XScreenSaver, programu ya kulinda skrini, alichoka kuletewa malalamiko ya hitilafu alizokwisha kuzirekebisha kitambo, kwa kuwa Debian ilikuwa bado na toleo la zamani. Akaomba programu yake iondolewe Debian. Imo mpaka leo.

Basi tazameni utukufu wa uzembe huu. Machi 2024, mhandisi wa programu Andres Freund aliona kuingia kwenye kompyuta kwa SSH, njia salama ya kuingia kutoka mbali, kunachelewa kama nusu sekunde. Akafukua, akakuta mlango wa siri umefichwa ndani ya xz, programu ya kubana mafaili, katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Aliyeupachika alikuwa mtunzaji aliyejipatia imani ya wenzake kwa miaka kadhaa. Wapenda vipya wa Debian, walio kwenye matawi ya majaribio, walikuwa wameshaupokea. Mzee Stable alikuwa bado na 5.4.1. Hakumgundua mwizi, alichelewa tu kumfungulia.

Wabishi watanikumbusha mwaka 2008, ilipobainika kwamba funguo za siri zilizotengenezwa na OpenSSL ya Debian, programu ya usimbaji fiche, zilikuwa za kubahatishika, na kwamba Stable naye alikuwamo. Kweli. Chanzo? Mistari 2 iliyozimwa mwaka 2006 na mtu mwenye nia njema, ili kunyamazisha onyo la chombo cha kukagulia makosa. Mistari 2! Ahsanteni kwa ushahidi. Ikiwa hiyo ilitosha kuharibu funguo kwa karibu miaka 2, wewe mwenye mistari 2,000 ya urembo unabisha hodi una nini? Karibu toleo lijalo.