Mwongozo wa Mhadhiri Mpya wa Ustawi wa Jamii Anayeutaka Uprofesa

Hongera kwa ajira. Umesomea kumsikiliza mtoto wa mtaani bila kumkatiza, kukaa na familia iliyosambaratika, na kuandika taarifa ambayo hakimu ataielewa. Yote hayo yafungie kabatini. Kamati ya kupandisha vyeo haitakuuliza umewasaidia watu wangapi. Itauliza umechapisha makala ngapi. Basi fanya hivi.

Dodoso. Mtafute bibi anayelea wajukuu yatima. Mkalishe kwenye kigoda chake umuulize maswali 60, maharage yakiungulia jikoni. Majibu yake yatoe makala moja ya kipato, ya pili ya lishe, ya tatu ya msongo wa mawazo, na ya nne ya changamoto za kukusanya data kwa wazee. Akiuliza majibu aliyompa mwenzako mwaka juzi yaliishia wapi, mwambie utafiti unaendelea.

Matokeo. Huduma unayoipima sharti ifanikiwe. Mmarekani William Epstein, mtu wa fani yetu hii hii, aliwahi kuyatumia majarida zaidi ya 100 makala ya kubuni kuhusu watoto wenye pumu. Baadhi yalipata toleo linalosema huduma iliwafaa watoto, mengine toleo linalosema haikuwafaa kitu. Alipochapisha matokeo mwaka 1990, ilibainika kuwa toleo la mafanikio ndilo lililokubalika zaidi. Wanataaluma walikasirika kweli kweli: wakamkasirikia Epstein.

Jarida. Utapokea barua pepe saa nane za usiku ikikuita "Profesa Mashuhuri" na kukuomba makala yoyote, hata ya magonjwa ya meno. Uhakiki siku 3, malipo kwa dola. Usihofu. Jeffrey Beall, mkutubi wa Colorado aliyekuwa akiyaorodhesha majarida ya namna hiyo, aliiondoa orodha yake mtandaoni mwaka 2017. Barua pepe bado zinakuja.

Waandishi wenza. Mwanafunzi wako amelala vituo vya watoto miezi kadhaa akiandika tasnifu. Wewe ulimsahihishia koma. Jina lako litangulie. Mwongeze na mkuu wa idara, kisha jirani yako wa ofisini ambaye naye ana makala njiani. Mkono mtupu haulambwi.

Kipimo cha h. Mwanafizikia Jorge Hirsch alikipendekeza mwaka 2005: ukiwa na makala 5, kila moja imenukuliwa angalau mara 5, kipimo chako ni 5. Wanafizikia wananukuliwa dunia nzima. Wewe umeandika kuhusu malezi ya kambo Mbagala. Dawa ni kujinukuu mwenyewe, na kuwaelekeza wanafunzi wako "wasome zaidi".

Lugha. Usithubutu kuandika makala kwa Kiswahili. Afisa ustawi wa kata, mwenye mafaili mezani na bila nauli ya kumfikia mteja, anaweza kuisoma, akaijaribu kazini, kisha akakupigia simu kukueleza ilipokwama. Iandike kwa Kiingereza, kwenye jarida ambalo kulifungua ni kulipa dola.

Ukifuata haya bila kukengeuka, uprofesa utaupata. Hata mada ya mhadhara wako wa kwanza wa uprofesa ipo tayari: kwa nini maafisa ustawi wa jamii hawasomi tafiti.