Jinsi ya Kumbebea Mwanao Suruali: Mwongozo kwa Mzazi wa Mteleza Skii

Mwanao amerudi kutoka shule na habari kwamba ameingia timu ya skii za masafa. Kama nyumba yenu ni ya Wakongo au Warundi waliohamia Burlington, Vermont, au Portland, Maine, huenda hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kukanyaga skii. Usiogope. Kazi inayokusubiri wewe haitaki kujua kuteleza. Inataka mabega, chupa ya chai na subira.

Jua kwanza anachokisaka. Marekani imeugawa mchezo huu wa skii za masafa katika kanda, na majimbo 6 ya New England ni kanda moja. Kuanzia Desemba hadi Februari vijana hushindana katika mbio za kufuzu, kisha wachache huchaguliwa kuiwakilisha kanda kwenye mashindano ya taifa ya vijana mwezi Machi. Madaraja ni matatu: chini ya miaka 16, 18 na 20. Mitindo ni miwili. Katika klasiki, skii hupita ndani ya mifereji miwili iliyochongwa na mashine, mguu huu mbele, huu nyuma. Katika mtindo huru, mteleza husukuma kwa pembeni, kulia na kushoto. Kila mtindo una skii zake, na hapo ndipo pochi yako inapoanza kulia.

Nenda mitumba. Vuli ikifika, klabu nyingi hufanya soko la vifaa vilivyotumika, na mtoto anayekua hana haja ya skii mpya kila mwaka. Mchukue yeye mwenyewe umpeleke, maana skii hupimwa kwa uzito wa mtu. Ya klasiki imepinda katikati kama upinde: akisimama kwa mguu mmoja na kuikandamiza, tumbo lake hugusa theluji na kushika; akiuachia uzito, hunyanyuka na kuteleza. Ikiwa ngumu kuliko uzito wake, mlima utamrudisha nyuma kila hatua. Usikubali kuuziwa skii kwa sababu rangi yake inapendeza.

Usiku wa kuamkia mbio ni usiku wa nta, na hapa usiwe na haraka. Nta ya kutelezea huyeyushwa kwa pasi maalumu kwenye upande wa chini wa skii, isipokuwa katikati ya ile ya klasiki, ikapoa, ikakwanguliwa kwa plastiki, kisha ikasuguliwa kwa brashi mpaka skii ing'ae. (Pasi ya sare za shule iache kabatini.) Nta ya kushikia hupakwa sehemu ya katikati tu, chini ya mguu, na kwa klasiki peke yake. Theluji kavu ya baridi kali hutaka nta ngumu ya kijani au buluu. Joto likipanda unahamia zambarau, halafu nyekundu. Theluji iliyoyeyuka ikaganda tena inataka klista, kitu kinachonata vidoleni, kwenye glavu na kwenye kiti cha gari. Ifunge vizuri kabla ya kuiweka mfukoni.

Zamani hapa palikuwa na dhuluma ya wazi. Nta zenye florini zilikwenda mbio ajabu, ziliuzwa ghali kupindukia, na kemikali zake hazitoki kirahisi kwenye maji na udongo. Shirikisho la kimataifa la skii, FIS, lilianza kutekeleza marufuku kamili msimu wa 2023/24. Nawashukuru kwa hilo. Lakini pengo bado lipo: kijana mwenye jozi sita huchagua inayofaa siku hiyo, mwenye jozi moja huomba hali ya hewa imkubali. Kama klabu yenu haipaki nta ya watoto wote pamoja, lisemee hilo kwenye mkutano wa wazazi, tena usichoke.

Asubuhi ya mbio, kazi yako ni suruali. Mara nyingi vijana huondoka mmoja mmoja, kila baada ya sekunde 15 au 30, wamevaa vazi jembamba la kubana. Dakika chache kabla, mwanao atavua suruali nzito na koti na kukurundikia mikononi. Shika vyote. Kimbia navyo hadi mstari wa kumalizia, kwa sababu akifika atakuwa ameloa jasho, na baridi haingoji.

Njiani pitia mlimani. Simama karibu na kilele, pale miguu inapokataa, si uwanjani kwenye spika na kahawa. Mwite kwa jina. Mambo ya magoti na fimbo mwachie kocha. Anayefuata nyuma yake naye mshangilie, hata kama ndiye anayegombea naye nafasi ileile.

Akishavuka mstari, ataanguka kifudifudi kwenye theluji. Mwache apumue.

"Baba, nimekuwa wa ngapi?"

"Vaa koti kwanza."

Na akiwa wa mwisho? Msimulie Philip Boit, mkimbiaji wa Kenya aliyeanza kujifunza skii Finland mwaka 1996, na mwaka 1998 akashiriki kilomita 10 za klasiki kwenye Olimpiki ya Nagano. Alimaliza wa mwisho. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwei, alimngoja kwenye mstari akamkumbatia. Boit alirudi Olimpiki mwaka 2002 na 2006, na mwanawe mmoja akamwita Dæhlie.

Usikae ukihesabu pointi zake za kufuzu usiku kucha. Kwa kawaida huhesabiwa mbio zake bora, kwa hiyo siku moja mbaya haimfuti. Na kwa wa chini ya miaka 16, orodha huwapendelea waliotangulia kurefuka. Mwenye mwili uliochelewa ana madaraja mawili mbele yake, mradi asiache mchezo kwa sababu watu wazima walimfanya aone ameshindwa akiwa na miaka 14. Hilo liko mikononi mwako kuliko mwa kocha.

Jina lake likitoka kwenye timu ya kanda, lipa ada mapema, na uliza kama kuna mfuko wa kusaidia familia. Uliza bila haya. Huko kwenye mashindano ya taifa makocha wa kanda ndio watakaopaka nta za timu nzima, kwa hiyo usiingie chumba chao na ushauri. Wapelekee sufuria ya wali na maharage. Huwa wamesimama tangu alfajiri.